Kadi za Bwana Chupa

Mjomba wangu ametunza maabara ya shule miaka ishirini na sita, na wanafunzi humwita Bwana Chupa. Miaka kumi na mmoja ya mwisho ameitumia kusaka madini katika mashairi ya kale: zebaki, mrututu, risasi, salfa, chumvi, dhahabu. Kila ubeti alioupata aliunakili nyuma ya kadi, na mbele akaandika jina la madini kwa herufi kubwa. Nakala nyingine hana. Nilimwambia azipige picha, akanijibu kwamba simu ni ya kupokelea shida.

Walimu wa fasihi walimpiga danadana. "Hii kemia, mzee." Wa kemia nao wakamwambia hayo ni mashairi. Mwishowe mhariri mmoja akakubali kuziona kadi, Ijumaa.

Jumatano zikaja habari za wakaguzi. Mkuu wa sayansi, mama asiyejua kungoja, aliona lebo za chupa zimefubaa. Akafungua droo ya mjomba, akakuta kadi safi zenye majina, akazibandika kwenye chupa kwa gundi ya mbao, majina yakitazama nje.

"Nilijua umetuandalia," alimwambia mjomba. "Nikasema, kweli huyu mzee anajali kazi."

Mjomba aliloweka chupa moja ili kadi ibanduke. Wino ukayeyuka wote. Mimi nilitamani kuvunja kitu.

Zilizosalimika ni kadi za dhahabu tu, maana shule haina dhahabu.

"Kila mshairi ana dhahabu," mjomba alisema. "Hata asiyewahi kuishika."

Ijumaa mhariri alizisoma, akasema ni nzuri ila hazina jipya. Mpaka leo sitaki hata kumsikia.

Wiki iliyofuata unga wa buluu wa mrututu ulipungua kwenye chupa yake, na kwa kuchungulia kupitia kioo, mstari wa kwanza wa ubeti ukaonekana upande wa pili. Kemikali za shule haruhusiwi kuzimwaga wala kuzihamisha, basi mjomba akavuta kigoda. Yeye aliyekuwa akigombana na darasa zima kwa kijiko kimoja kilichomwagika sasa anawaambia wanafunzi, "Tumieni tu, wanangu, msibane." Wakitoka, anainama na kalamu yake na kadi mpya, ananakili kilichojitokeza.

Amepata beti tatu. Anastaafu mwezi wa kumi na mbili, na chupa ya salfa bado imejaa mpaka shingoni.