Gitaa Nililoliuza Baada ya Msiba

Siku moja ya mwezi wa tisa hainitoki kichwani, mwanangu, nami nitakusimulia kama ilivyokuwa. Nakuita mwanangu ingawa sijafikisha miaka thelathini na bado nina wazee wengi wa kuwaamkia. Habari hii nimeianza mara nyingi nikaifuta, kwa sababu kila sentensi niliiona ina kasoro. Leo nimeamua iende hivyo hivyo. Ukikuta mahali nimejikwaa, pita tu.

Siku hiyo nilikuwa karakana, Ipuli, hapa Tabora, napiga msasa ubao wa kitanda cha mninga, simu ikalia. Ilikuwa picha kutoka kwa Rama, kijana anayeuza vyombo vya muziki vilivyotumika kule Mtendeni. Picha ya gitaa la umeme. Chini yake ameandika: "Fundi, si ndilo lile lako?"

Halikuwa lile langu. Langu lilipanda treni ya Kigoma na mtu nisiyemjua jina. Lakini lilikuwa aina ile ile kabisa: mwili wa rangi ya maziwa, kibao cheusi chini ya nyuzi, shingo nyembamba inayokaa vizuri kwenye kiganja cha mtu mwenye mkono mdogo kama mimi. Niliketi juu ya mbao nikaitazama ile picha mpaka kioo cha simu kikazima. Nikakiwasha, kikazima tena.

Ili uelewe kwa nini picha ya gitaa inaweza kumkalisha mtu mzima chini, inabidi nikurudishe nyuma.

Gitaa nilijifunza peke yangu, kwa kutazama video kwenye simu na kusikiliza kwa sikio. Sikuwa na mwalimu wa kuniambia hapa pametosha, sogea mbele. Hilo lilinidhuru kuliko nilivyojua, maana mtu asiye na mwalimu hujifanya mwalimu wa nafsi yake, na mimi nilikuwa mwalimu mkali mno. Nikikosea noti moja, narudi mwanzo. Nikikosea tena, narudi tena. Nililiita hilo bidii. Majirani waliliita jina jingine.

Baba yangu alikuwa mkulima wa mpunga kule Puge, mtu wa kanisani, mpole. Hakujua chochote kuhusu magitaa ya umeme ila alipenda wimbo mmoja ambao marehemu bibi yangu alikuwa akiuimba akipeta mchele. Siku nilipopeleka gitaa nyumbani aliomba nimpigie huo. Nikamwambia, "Subiri baba, bado halijakaa sawa." Na kweli halikuwa limekaa sawa. Magitaa ya aina ile yalitengenezwa kwa ajili ya wanaoanza, na uzi wa tatu haukubali kutulia, hasa kiangazi, hewa inapokauka na shingo ya gitaa kujipinda kidogo. Lakini ukweli ni kwamba mimi ndiye sikuwa nimetulia.

Kila nilipokwenda Puge aliuliza. Alivuta kigoda chake, akakaa, akakunja mikono, akasubiri. Mimi nakaza uzi, nalegeza, nakaza. Mwisho mama anaita chakula, au giza linaingia, au umeme unakatika, nami nashukuru kimoyomoyo kwamba umekatika. "Safari ijayo, baba." Naye husema, "Haya mwanangu," bila kinyongo, anainuka na kurudisha kigoda ndani.

Kisha akaugua, na ugonjwa haukukaa sana. Akafa. Hakunisikia nikipiga wimbo hata mmoja.

Sasa nikuambie habari ya Bi Tatu. Huyu ni Mzaramo aliyeletwa Tabora na marehemu mumewe, mfanyakazi wa reli, akabaki hapa mpaka akawa mtu wa hapa. Utani wetu Wanyamwezi na Wazaramo ni wa zamani, tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo ya watu kwa miguu kutoka huku hadi pwani na kukutana nao mwisho wa njia, wamechoka na miguu imevimba. Bi Tatu alikuwa mtani wa baba hasa. Baba akija mjini humpelekea michembe, vile viazi vyetu vilivyokaushwa, naye huitupia jicho na kumwuliza kama wameishiwa viazi wakaamua kukausha soli za viatu. Halafu anaila yote.

Siku ya mazishi alikuja Puge na basi la asubuhi. Jeneza lilikuwa bado ndani. Alivaa koti la baba, akavaa na kofia yake, akaketi kwenye kile kigoda katikati ya ua, mbele ya waombolezaji wote. Akakunja mikono kama baba. Akatega sikio.

"Mwanangu, tayari?" akasema, na ilikuwa sauti ya baba kabisa.

Akajijibu kwa sauti yangu, nyembamba, ya woga: "Bado baba, uzi wa tatu."

"Haya mwanangu. Tayari sasa?"

"Bado baba, hali ya hewa."

Watu wakaanza kucheka. Bi Tatu akalala chini kwenye vumbi, akafumba macho, akaweka mikono kifuani. Kisha akafumbua jicho moja. "Basi utanikuta huko huko. Njoo na waya wa umeme."

Ua mzima ukacheka. Mama yangu, aliyekuwa hajala wala kusema neno tangu jana yake, alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani, kisha kicheko kikageuka kilio, na wanawake wakamshika. Leo najua kwamba kilio kile ndicho alichokuwa akikihitaji. Siku ile sikujua. Nilisimama mbele ya watu wote nikamwambia yule mama, "Toka hapa! Huna adabu wewe!"

Mwanangu, ulishawahi kuusikia ua wenye watu mia ukinyamaza? Mtani msibani hafukuzwi. Hata mtoto wa darasa la pili anajua. Baba mdogo alinishika mkono akanipeleka nyuma ya ghala.

"Umefanya nini wewe?"

"Amenidhalilisha, baba mdogo. Kwenye maiti ya baba yangu."

"Yule amekuja kutubebea nusu ya kilio hiki. Umeona mama yako alivyolia? Sisi tulishindwa tangu jana. Nenda kampe chake, umwombe arudi."

Sikwenda. Baba mdogo ndiye aliyekwenda akampa haki yake ya utani kwa niaba yangu, huku amevua kofia. Mimi nilibaki nyuma ya ghala. Juma lile lile niliuza gitaa. Nilijiambia naliuza kwa sababu lina kasoro.

Ndiyo maana picha ya Rama ilinikalisha. Na kulikuwa na jambo jingine lililonifanya nisite: Rama ni mjukuu wa Bi Tatu. Duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba ya bibi yake. Tangu Puge sikuwa nimemwamkia yule mama. Nikimwona sokoni nilibadili njia.

Nilikaa siku kadhaa nikijadiliana na nafsi yangu. Upande mmoja ulisema: linunue, hii ni nafasi umepewa ya kutengeneza. Upande mwingine ulisema: utengeneze nini, na aliyekuwa akisubiri hayupo? Usiku niliona vidole vyangu vinabonyeza ukingo wa kitanda kana kwamba nyuzi zipo pale. Mwishowe nikaenda, na njiani nikapanga maneno ya kuomba radhi, nikayapanga upya, nikayafanyia mazoezi juu ya bodaboda mpaka dereva akauliza kama nasema naye.

Bi Tatu alikuwa barazani kwenye mkeka. Macho yamepungua nuru sana.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani?"

Nikamtajia jina langu na la baba.

"Haa! Mnyamwezi! Nilidhani uliuzwa pamoja na gitaa."

"Bibi, nimekuja kwanza kukuomba radhi. Siku ile Puge, katika hali ya majonzi na ujana, nilitamka maneno ambayo..."

"Hotuba hiyo umeiandaa tangu lini?" akanikata. "Ya Puge nimesahau zamani. Wewe ndiye hukusahau. Ingia ukatazame hilo dude lako, unanizibia upepo."

Rama alinitolea gitaa nje, penye mwanga, akaliunganisha kwenye spika ndogo. Nikaliinua usawa wa jicho kutazama kama shingo imenyooka. Nikapitisha kucha kila mahali. Nikagonga mwili. Nikanusa hata tundu la waya, Mungu anisamehe.

"Rama," akasema bibi, "huyu ananunua au anaposa?"

"Mwache mteja, bibi."

"Mteja gani, mpagazi wangu huyu. Babu zake walibeba pembe za ndovu mpaka kwetu Bagamoyo, yeye gitaa moja linamshinda kuliinua."

"Na nyie mlikuwa mmekaa tu mnatusubiri tufike mtule," nikasema. Nilishangaa kusikia sauti yangu ikitania.

Alicheka akafuta macho. Halafu akasema, bila utani: "Unajua baba yako alikuwa akikutaja hapa? Kila akileta zile soli zake. Anakaa hapo ulipo. Anasema, mwanangu ananiandalia wimbo. Anachelewa kwa sababu ni mrefu. Alikuwa akijisifu, yule mzee. Mimi nikimwambia hakuna wimbo hapo, anakasirika kweli kweli."

Nikainama nikajifanya natazama nyuzi.

"Basi nipigie. Ule wake. Na mimi sikuusikia."

Nikakaza nyuzi. Uzi wa tatu ulikubali mara moja, sijui kwa nini. Nikaanza. Mwanangu, sijisifu, lakini ule mwanzo ulikuwa mzuri. Ulitoka laini, wenye pumzi, kila noti mahali pake. Rama aliacha simu yake. Kisha nikagusa noti moja vibaya, na mkono wenyewe, bila kuniuliza, ukarudi mwanzo.

"Endelea," akasema bibi.

Nikaanza tena. Nikafika pale pale. Mkono ukarudi.

"Usirudi. Endelea mbele."

Safari hii niliuzuia mkono. Nikapita ile noti, nikatafuta inayofuata, na haikuwepo. Nilitafuta kwenye vidole, nikatafuta kichwani. Nilijua jinsi watu wanavyouimba, lakini kwenye gitaa sikuwa na kitu. Kwa miaka yote ile, kwa jioni zote zile za kukaza na kulegeza, sikuwahi hata mara moja kuvuka ile sehemu ya kwanza, kwa kuwa kila kosa lilinirudisha. Baba angeishi miaka mingine kumi, angekaa kwenye kigoda akakunja mikono, nisingekuwa na wimbo wa kumpigia. Nilikuwa na mwanzo tu. Yule mzee alikuwa akijisifia kitu ambacho hakikuwepo.

Spika ilikuwa ikivuma kidogo.

"Ndiyo yote?" akauliza Bi Tatu.

"Ndiyo yote, bibi."

Nilimsubiri aseme neno. Nilitamani anitukane, anicheke, alale chini tena barazani pale kama alivyofanya Puge. Alivuta kanga akafunika miguu yake, akageuzia uso barabarani. Sijapata kuona Mzaramo akikosa la kumwambia Mnyamwezi, na sitaki kuona tena.

Rama alidhani nasita kwa ajili ya bei, akaniambia tutaelewana. Nikalichomoa lile gitaa, nikalifuta jasho langu kwa shati, nikamrudishia. Nilimwambia alitafutie mtu mwingine.

Nimekuwa nikijiuliza kama nilikosea. Huenda mtu jasiri angelinunua akajifunza wimbo ule mpaka mwisho. Mimi nilijijua. Ningelipeleka chumbani, nikafunga mlango, nikaendelea kulikaza kwa ajili ya mtu aliyeko kaburini, na safari hii hakuna mama wa kuniita chakula. Nilichokuwa nakitaka hakikuwa gitaa. Nilitaka jioni moja ya Puge, na Rama hakuwa nayo ya kuniuzia. Nasikia lilinunuliwa na kwaya moja. Sijakwenda kulisikiliza.

Sitakudanganya kwamba nimepata nafuu. Kuna siku naamka na lile neno la baba, kwamba wimbo ni mrefu, na karakana yote inakuwa giza mchana. Watu husema utazoea. Mimi sijazoea.

Lakini nimekuita mwanangu, kwa hiyo ninalo la kukuachia. Anayekuomba umpigie, mpigie leo, na uzi wako wa tatu ukiwa umelegea. Ukikosea, usirudi mwanzo. Pita juu ya kosa uende mbele, hata kwa kuchechemea, mpaka ufike mwisho, maana anayekupenda anausubiri wimbo wote, na kosa lako wala hatalikumbuka. Usijifundishe peke yako mlango umefungwa. Tafuta mtu wa kukuambia inatosha, nawe umwamini. Mtani akikucheka mbele za watu, kaa chini umsikilize, kwa sababu huenda ndiye peke yake anayekuambia ukweli kwa upendo. Na kitu ulichokiuza kwa uchungu, kabla hujakinunua tena, jiulize unamnunulia nani. Kama jibu ni jina la marehemu, nenda kwanza ukakae na walio hai.

Mungu akupe masikio ya kukusikiliza kabla hujawa tayari. Aitie mikono yako ujasiri wa kukosea mbele yao. Na wale wanaojisifu juu yako usipokuwepo, awaweke hai mpaka wakusikie.