Mkwe wa Kampuni ya Magari

Wiki iliyopita niliitwa kwenye simu ya dukani, nikaambiwa kwamba yule mzee wa pikapu ya buluu wa Mukuyuni amefariki. Sikuhitaji kuuliza ni mzee yupi. Wasomaji wa siku nyingi huenda wanakumbuka kwamba niliwahi kumgusia katika safu hii, naye akanitumia salamu kwamba siku nyingine nikimtaja, nilitaje na gari lake, maana yeye peke yake hana habari ya kuandikwa gazetini. Basi leo nawataja wote wawili. Nilisikitika sana, kwa sababu nilimpenda, lakini nilipoweka simu chini nilijikuta nacheka, na mwenye duka akanipongeza akidhani nimepata habari njema.

Alikuwa karani wa reli pale Makindu mpaka alipostaafu, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Malipo yake yote ya kustaafu aliyatia katika pikapu mpya kutoka kwa kampuni moja ya Nairobi, akawa anabeba maembe na mbaazi za watu kwenda sokoni, na wagonjwa kwenda hospitali. Hakuwa na kazi nyingine wala shamba la maana. Pasta aliiombea ile pikapu juu ya boneti, akataka kusema amina, lakini mwenyewe akamwomba aziombee na tairi, moja baada ya nyingine. Ndani ya gari lake hakuna aliyetafuna muwa. Alipokuwa akiendesha polepole kuelekea mji wa Wote, wanawake wenye punda walimpita wakimpungia mkono, naye akawapungia bila haya. Na ingawa Machakos ilijaa mafundi, kila wakati wa sevisi ulipofika aliipeleka Nairobi kwa wenyewe walioiuza. Tulimcheka. Yeye alisema mtoto wa watu haangaliwi na mtu yeyote tu.

Waranti, yaani dhamana ya kampuni, ilikuwa ya mwaka mmoja. Ulipoisha, hata mwezi haukupita, injini ikapiga kelele mlimani na kunyamaza. Pikapu ilivutwa na lori mpaka Nairobi, mafundi wa kampuni wakaifungua, wakakuta injini imepasuka kwa ndani. Hakuna la kushona hapo. Ilitakiwa injini nyingine nzima, na yeye hakuwa na uwezo wa kununua hata nusu yake. Alinijia nikiwa likizoni nyumbani, amekonda. Mimi, kwa kuwa naandika gazetini, nilimwambia kazi ni rahisi: twende, tuwatishe kwamba tutawaandika. Alinitazama kwa huruma. Akaniuliza, “Wewe bibi yako akigonjeka, utaenda kwa baba yake na gazeti?”

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mzee huyu hakuwa amenunua gari. Alikuwa ameoa. Kwetu Ukambani mke akiugua ugonjwa mzito, hukimbilii kulaumu. Unatafuta wazee, unabeba kitu mkononi, unakwenda kuwaarifu wakwe ili nao wajue na waseme la kwao. Kwa hiyo tulipanda basi watu wanne: yeye, mjomba wake ambaye ndiye msemaji, mzee mmoja wa kanisa, na mimi niliyechukuliwa kwa sababu ya Kiingereza, ambacho hakikutumika. Tulibeba asali ya Kitui na jogoo ndani ya kiondo.

Msichana wa mapokezi alituuliza tuna shida gani. Mjomba akajibu kwamba hatuna shida, tumekuja kuwasalimu. Tulikaa pale katikati ya magari yanayong’aa mpaka meneja akatoka mwenyewe kutazama, nadhani kwa sababu ya jogoo. Alikuwa mtu wa mkoa wa Magharibi, mwenye tai na haraka. Mjomba alimuuliza habari za kwao, za mvua, za wazazi wake kama wangali hai, na yule bwana, akitaka asitake, akajikuta anavuta kiti. Mzee wetu hakufungua mdomo, maana mwenye mke hasemi mbele ya wakwe. Ndipo mjomba akasema kwa upole, “Hatukukuja kugombana. Tulikuja tu kuwaambia msichana wenu ako mgonjwa.”

Meneja alieleza kwa adabu kwamba waranti imekwisha, na kampuni haina wajibu tena. Jogoo akawika. Mjomba akakubali kwamba wajibu umekwisha, hilo tunalijua na hatukulifuata. Akauliza kama na ujamaa umekwisha. Yule bwana alianza kucheka, kisha akaacha. Akaita fundi wake mkuu, akaambiwa kwamba pikapu ile haijawahi kukosa sevisi hata mara moja na kosa si la dereva. Alipiga simu kwa wakubwa wake, akarudi na kusema kampuni itatoa nusu ya bei ya injini kwa hisani. Mimi nilitaka kumkumbatia. Mjomba alishukuru, akaomba ruhusa tutoke nje tukashauriane.

Nje, karibu na rundo la tairi kuukuu, nilimsihi mzee akubali upesi kabla hawajabadili nia. “Hiyo pikapu ikilala, mimi nimeisha,” aliniambia. “Lakini nikikubali mbio mbio, watajua nilikuja kama mwenye njaa. Nilikuja kama mtu wao.” Tukarudi. Mjomba akasema nusu ile tumeipokea kwa mikono miwili, ila msichana akiwa nusu mzima hawezi kuteka maji. Meneja aliwapigia wakubwa wake simu tena. Kisha akatoa injini nzima, na mzee akabaki kulipia ufundi, kidogo kidogo, kwa maembe ya msimu ule.

Maembe hayo yaliendelea kufika ofisini humo miaka mingi baada ya kila kitu kulipwa. Na alipozeeka akaiuza pikapu, alimchukua mnunuzi hadi Nairobi kumtambulisha: huyu ndiye mkwe wenu sasa. Tulimuuliza ni mume gani anauza mke. Akasema kwa miaka ile yote mke huyo amegeuka kuwa binti yake, na binti huozwa.

Siku hizi tunajua haki zetu, na ni vizuri tuzijue. Lakini yako mambo ambayo haki haiyafikii, na hapo mtu amebaki na namna yake ya kuomba tu. Mzee huyu aliomba bila kujidhalilisha na bila kumdhalilisha anayeombwa, huku maisha yake yote yakiwa yamelala kwenye gereji. Mwezi uliopita friji yangu iliharibika, nikaenda dukani nikiwa nimekunja uso, nikapewa kile nilichostahili kupewa, si zaidi. Nilipotoka nilitambua kwamba hakuna aliyejua hata ninatoka wapi.