Mkaa Uliokwenda Kazini Umeshiba

Mke wangu hurudi nyumbani mweusi ti, meno tu ndiyo yanayokuonyesha kwamba anacheka. Na anacheka kweli. Kazi yake ni kujaza mkaa kwenye chujio la moshi, katika kiwanda cha kuyeyushia vyuma chakavu. Si mkaa wa jikoni huo. Ni punje zilizopikwa kwa mvuke zikajaa vitundu visivyoonekana kwa macho, na humo ndimo harufu na sumu za moshi hunaswa. Mimi ni fundi cherehani. Haya yote nimeyajua kwa kulishwa pamoja na chakula cha jioni.

Dada yangu ni dobi, anaishi ukuta kwa ukuta na kiwanda. Mkaa wa zamani ulipochoka, mashuka ya wateja wake yakaanza kunuka rangi iliyoungua. Wateja wakapungua, naye akaanza kufunga pasi zake kwenye maboksi ahame. Mke wangu roho ilimuuma. Hao wawili ni mawifi wanaopendana mpaka mimi najiona mgeni kwangu.

"Wifi, usihame bwana! Wiki ijayo tunaweka mkaa mpya."

Kwa haraka ya kumwokoa wifi yake, akafungua magunia yote mapema, ili siku ikifika wamimine tu. Yakakaa wazi stoo wiki nzima, kando ya mapipa ya rangi na tina ya kuyeyushia rangi. Siku ikafika, mkaa ukajazwa, tanuri likawashwa, na harufu ikatoka vilevile. Dada akafunga boksi jingine.

Mke wangu alirudi stoo amenuna. Akanusa. Stoo ile, iliyokuwa ikimtoa kila mtu machozi, haikuwa na harufu hata chembe. Akaangua kicheko hadi mtunza stoo akadhani amechanganyikiwa.

"Kumbe umekula humu wiki nzima! Nimeupeleka kazini umeshiba!"

Yeye mwenyewe alimweleza msimamizi kosa lake, akataniwa mpaka akazoea. Yakaletwa magunia mapya, na safari hii kila gunia lilifunguliwa pale pale kwenye chujio, likamiminwa hapo hapo.

Kesho yake dada alianika shuka jeupe. Lilipokauka akazika uso ndani yake, akavuta pumzi ndefu.

"Sabuni," alisema. "Sabuni tupu!"

Mke wangu, aliyekuwa ametoka zamu, akamkimbilia mikono wazi.

"Wifi, usinishike! Wifi, shuka!"

Akakumbatiwa yeye na shuka lake. Dada alilifua upya huku akiimba, nami nikatumwa ndani kufungua maboksi.