Motherboard iliposema ukweli siku ya khitma ya Bi Zuhura

Alhamdulillah, sifa zote ni za Mola aliyetupa macho ya kusoma na ulimi wa kutamka.

Wakuu, assalamu alaykum. Na wasio Waislamu humu nawasalimu kwa heshima ile ile. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sijatia chumvi.

Mimi ni mtu mzima wa Unguja, naishi huku ughaibuni, Al Qusais, na mke wangu. Nilipostaafu kazi ya ghala nilianza kusomesha Qur'ani kwa kompyuta. Wanafunzi wangu ni kina mama wa Tanga, Mombasa na Kampala.

Mtaniuliza kwa nini nisitumie simu. Kila herufi ya Kiarabu ina mahali pake mdomoni, na mwalimu lazima auone mdomo wa mwanafunzi. Kwa macho yangu haya, kwenye simu naona pua tu.

Kompyuta niliinunua Satwa, used. Ina kioo ubavuni na taa za rangi. Mke wangu alipoiona akauliza, "Hii ya kusomeshea au ya kuolea?" Akaifunika kwa kitambaa chake cha kufuma.

Ikawa inazimika katikati ya darasa. Nikakilaumu kitambaa, nikakitoa. Ikaendelea kuzimika.

Sasa kuna Bi Zuhura wa Tanga, bibi mwenye wajukuu wakubwa, aliyeanza alifu kwangu. Siku ya mkasa huu alikuwa anakhitimisha Qur'ani, baada ya Alasiri, mbele ya ukoo mzima. Herufi moja tu ilikuwa bado inamsumbua, dhadi.

Aliniambia, "Maalim, usiniache peke yangu. Nikikosea mbele ya mawifi zangu nitasemwa mpaka kaburini."

Asubuhi ya siku hiyo nawasha mashine, inagoma. Skrini nyeusi, maandishi ya Kiingereza: overclocking failed, bonyeza F1.

Nikamwita jirani yetu Athumani, Mmombasa anayetengeneza kompyuta za ofisi kule Silicon Oasis. Akasoma, akacheka.

"Maalim, hii haiumwi. Inakimbizwa."

Akanieleza. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, hubeba ndani yake jina lake na mwendo iliopewa kiwandani. Kila ukiwasha, motherboard, ule ubao mkuu wa mashine, huyasoma hayo, kisha hutazama mwendo uliowekwa kwenye settings. Ukizidi ule wa kiwandani, inajua kuwa prosesa imeongezwa kasi, ndiyo hiyo overclocking. Mashine ikishindwa kuwaka kwa kasi hiyo, inasimama na kukwambia wazi.

"Aliyekuwa nayo alikuwa akichezea game za mpira," akasema. "Wewe unasomesha Juzuu Amma kwa mwendo wa fainali."

"Na kitambaa changu?" mke wangu akauliza kutoka jikoni.

"Kina kosa dogo, mama. Kinazuia hewa."

"Dogo kiasi gani? Maana mie nimelaumiwa kosa zima."

Wakuu, hapo nilikiokota kitambaa, nikakikunja vizuri, nikamrudishia. Ndoa ya miaka mingi inakufundisha pa kusalimu amri.

Athumani akabonyeza F1, akarudisha settings za kiwandani, aka-save. Khalas. Mashine ikawaka, kimya, feni haipigi kelele tena.

Baada ya Alasiri Bi Zuhura akatokea kwenye skrini, amejitanda buibui jipya, mawifi wamejaa nyuma yake. Akasoma mpaka Suratun-Nas bila kusita.

Kwa desturi yetu, ukimaliza unaanza tena Alhamdu hapo hapo, ili kisomo kisikatike. Nilijua mwishoni mwake pana "waladh-dhaallin", na dhadi imekaa hapo inamsubiri.

Alipofika, nikamwonyesha kwa kidole ubavu wa ulimi. Akaniona. Nami nikauona ulimi wake ukiegemea magego. Dhadi ikatoka nzito, safi, kama ilivyo haki yake.

Vigelegele vya Tanga vilijaa sebule yangu ya Al Qusais. Wifi mmoja alisikika akisema, "Haya, sasa na mie nifundisheni." Mke wangu alikuwa analia, na mimi sikuwa mbali.

Nilichojifunza: ukinunua kompyuta used, siku ya kwanza ingia kwenye settings, linganisha mwendo wa prosesa wa kiwandani na ule inaokwenda nao. Na mashine ikikuandikia neno, lisome kabla hujatafuta wa kumlaumu.

Wajuzi wa hardware nisahihisheni nilipokosea, na yaliyowakuta wengine yawekeni hapa tufaidike.

Mwenyezi Mungu akujaalie wewe uliyesoma hadi hapa afya, riziki ya halali, na umri wa kumaliza jambo jema uliloanza. Amin.