Gauni Langu na Macho ya Bibi Nakijwa

Wasomaji, nichekeni tu, nimeshazoea. Mimi ni muuguzi kutoka Voi, na mwezi uliopita nilivuka mpaka kwenda kujitolea kwenye kambi ya macho, milimani kule Same. Siku hizi mafuta ya taa yanatafutwa kwa tochi, kwa hiyo gauni langu jipya la mitumba nililivaa gizani.

Siku hiyo nilipendwa! Kila niliyemsalimia alitabasamu, na akina mama wakaficha midomo kwa khanga. Nikajisemea, Wapare wanajua kushukuru. Nikazidi kujipitishapitisha, shingo juu. Daktari wetu hata hakunitazama. Alikuwa ameinamia macho ya watu tangu asubuhi, vifaa vyake vikichemka kwenye jiko la mkaa, huku akipiga mluzi kwa raha. Mtu wa ajabu yule.

Mchana tukamfungua bandeji Bibi Nakijwa, aliyekuwa haoni kwa miaka na aliyepasuliwa macho jana yake. Ukumbi mzima ukasogea kutazama, nami nikainama mbele yake.

“Shikamoo, bibi. Unaniona?”

Akanitazama juu hadi chini. Machozi yakamtoka.

“Marahaba, mwanangu. Nakuona. Mbona gauni umeligeuza, mifuko inaning'inia nje kama masikio ya mbuzi?”

Ukumbi, uliojizuia tangu asubuhi, ukapasuka kwa kicheko. Daktari akaruka juu.

“Anaona! Jamani, anaona mpaka mifuko!”