Mzazi wa Valentine

Ndugu yangu Jairus Hiribae ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatoa kama anayeng'olewa jino. Ukitaka kumsikia akisema, muulize habari za mto. Hapo atakueleza maji ya mwaka huu yamelala wapi, tope la wapi limeiva kwa mpunga, na la wapi litameza mbegu likuache unakuna kichwa. Sisi wa Chara tunaishi kwa tope hilo. Mto ukifurika tunakimbia, ukirudi nyuma tunaufuata na majembe, na ni miaka mingi sasa watu humtazama Jairus kwanza kabla ya kushusha jembe lao. Lakini mtie ofisini, hata iwe ya chifu, anageuka gogo. Anatazama sakafu mpaka unafikiri ameangusha kitu.

Shule aliiacha darasa la tatu. Mimi dada yake nilifika la saba. Harrison, kitinda mimba wetu, alisomeshwa mpaka kidato cha nne, na aliyemsomesha ni Jairus kwa mpunga wake. Leo Harrison ni karani Garsen, anavaa viatu vya kung'aa hata msimu wa matope, na akianza Kiingereza hakamatiki.

Jairus na mkewe Rosina wana watoto watatu. Wavulana wawili wa kwanza waliachana na shule kwa amani, hakuna aliyemlilia mwenziwe. Wa tatu ndiye Valentine. Huyu alisoma kila kilichokuwa na maandishi: karatasi za dawa, matangazo ya mnada, gazeti lililofungiwa sukari. Nilimtuma chumvi siku moja akakaa dukani saa nzima, kumbe anamsomea mwenye duka barua ya mkwewe.

Mwaka jana akiwa gredi ya tisa, mwalimu wake, Mwalimu Hanan, alikuja mpaka nyumbani kwa Jairus, buibui limejaa vumbi la pikipiki. Akasema kuna shule ya sekondari ya binafsi, ya wasichana, upande wa Malindi. Inachagua kwa mtihani wake yenyewe. Inachukua wasichana arobaini, na kumi kati yao husoma bure mpaka wamalize.

"Valentine anaweza," alisema. "Mimi nimefundisha miaka kumi na mbili, sijasema hivyo kwa mtoto mwingine. Ila si mtihani tu. Siku hiyo hiyo wanamhoji na mzazi. Mzazi mmoja. Wanataka kujua mtoto anatoka nyumba gani."

Jairus aliyekuwa anatengeneza mpini akaacha kutengeneza mpini.

Jumapili tulikaa uani kwake baada ya kanisa, sisi wanne. Nitalisema mapema nisije nikaonekana najificha: aliyetoa shauri la kwanza ni mimi.

"Harrison ndiye wa kwenda," nilisema.

Rosina akanitazama. "Wifi, si wamesema mzazi?"

"Na Harrison ni nani, mpita njia?"

"Sijasema hivyo. Nasema babake huyu hapa, mzima, anakula muhogo."

"Mzima wa kula muhogo. Huko ataulizwa kwa Kiingereza. Atawajibu kwa muhogo?"

Harrison akacheka, Jairus mwenyewe akatabasamu. Rosina hakucheka. Lakini nikamkumbusha siku yake mwenyewe, tulipokwenda kumposa kwao Ndera. Kwetu baba hamsemei mtoto wake mbele ya watu wa nyumba nyingine. Akimsifu, ataonekana anamnadi sokoni. Akinyamaza, ataonekana hamtaki. Kwa hiyo husema ndugu yake, na husema kama mwenye mtoto. Siku ile baba yetu alikaa pembeni kimya, akasimama baba mdogo Dukicha: "Mwanangu huyu halali jua likichomoza, mwanangu huyu mkono wake haujapata kuinuka kwa mtu." Wazee wa Ndera walijua vyema kwamba hakumzaa yeye. Hakuna aliyemwita mwongo. Rosina akatolewa.

"Na huku ni kumtoa mtoto aingie nyumba ya watu," nilisema. "Tofauti iko wapi?"

Jairus ndiye aliyefunga shauri. "Mimi nitakuwepo. Harrison aseme."

Ijumaa tukalala Garsen kwa Harrison, Jumamosi asubuhi tukapanda basi la Malindi: Valentine, Jairus, Harrison na mimi. Rosina alibaki kuamia ndege, mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke na ndege hawangoji mtu arudi safari.

Wasichana walikuwa zaidi ya mia mbili. Mia mbili kwa nafasi arobaini, na hizo za bure kumi! Wazazi tuliwekwa kwenye viti vya plastiki chini ya hema. Mama mmoja karibu yangu alikuwa na msichana aliyelipiwa mwalimu wa jioni tangu gredi ya saba, na huu ulikuwa mtihani wake wa tatu katika shule ya tatu. "Nimechoka mimi kuliko yeye," aliniambia. Mwingine, baba mwenye tai, alikuwa ananong'oneza majibu ya kuhojiwa kama anayesali. Nikaona moyoni, kumbe hata hawa wenye magari wanatetemeka.

Mchana wasichana wakatoka, wakapewa maandazi, wakasimama barazani. Kisha mwalimu akawa anaita wazazi mmoja mmoja.

"Mzazi wa Valentine Hiribae!"

Niliona kwa macho yangu. Jairus aliinuka. Si sana, kiasi cha kiti kumwachia. Halafu akaketi tena, na Harrison akapita mbele yake akifunga kifungo cha koti. Valentine alikuwa barazani na andazi mkononi. Aliona vile vile nilivyoona mimi.

Yaliyotokea ndani tulielezwa na Harrison baadaye, tena kwa vipande, kila siku kipande kibaya zaidi.

Mwanzo kulikwenda vizuri. Mwalimu mkuu, mama wa makamo, alimkaribisha, Harrison akamwaga Kiingereza chake. Akaulizwa, wewe ndiye baba? Akasema ndiye. Akapewa fomu, akatia sahihi penye baba. Akasema kazi yake ni ukarani. Hakuona kosa, maana ndivyo baba mdogo Dukicha alivyosema kule Ndera. Ila wazee wa Ndera walikuwa wanatujua. Huyu mama hakuwa anatujua.

Kisha mama akavuta karatasi ya insha ya Kiswahili. "Nimeisoma hii mara mbili," akasema. "Mguu wako sasa unaendeleaje?"

"Mguu gani?" akauliza Harrison.

Jairus ni kiwete wa mguu wa kushoto. Valentine akiwa na miaka saba alikuwa anateremka mtoni na ndoo, babake akamwambia, kaa huko juu, leo nitateka mimi. Mamba akamkamata yeye. Naye alimchoma mamba jicho kwa vidole mpaka akamwachia, na nyama ya mguu ule haikurudi tena. Walipewa kichwa cha insha, siku nisiyoisahau, na mtoto akaandika hiyo. Aliandika: "Mamba yule alikuwa anangoja mtu wa kimo changu. Baba aliingia majini badala yangu."

Mwalimu mkuu alitazama miguu ya Harrison, miwili, imenyooka kama milingoti, na viatu vinang'aa.

Hapo Harrison angeweza kusema ukweli na mambo yakaisha kwa kicheko. Angesema, samahani, mwenye mguu yuko nje, sisi kwetu hufanya hivi. Aliogopa. Mtu mwenye sahihi mbichi mezani huogopa. Akacheka akasema, "Ah, madam, watoto hawa wakipewa insha hutunga tu."

Akamfanya mtoto ndiye mwongo.

Mama akamwita Valentine ndani. "Huyu ni nani wako?"

"Baba mdogo."

"Na baba yako yuko wapi?"

Valentine akaonyesha kwa dirisha. Mama akaangalia hemani kwa muda, akamwona ndugu yangu ameketi, magoti pamoja. Hakumwita. Alisema tu asanteni, mtapata ujumbe.

Safari ya kurudi Harrison alisema kulikwenda sawa. Valentine hakusema kitu, nami nikadhani ni uchovu.

Ujumbe ulikuja siku ya tisa, kwenye simu ya Harrison, maana namba iliyoandikwa ilikuwa yake. Alikuja Chara mwenyewe kuusoma, na hilo nampa, hakutuma mtu. Ulisema mwanafunzi amefaulu mtihani, lakini shule haiwezi kumpokea, kwa kuwa taarifa za mzazi zilizotolewa si za kweli.

"Amefaulu?" Jairus akauliza.

"Amefaulu, kaka."

"Basi?"

"Basi hawamtaki. Kwa ajili yangu."

Ndipo alipoeleza ya mguu. Rosina alikuwa anapepeta mchele. Aliweka ungo chini taratibu, akamwendea Harrison, nikadhani atampiga.

"Ulisema mwanangu ametunga?"

"Shemeji, nilishikwa..."

"Mimi nilimfunga mume wangu mguu huu kwa kanga yangu, damu inapita kama maji. Wewe ukala wali wa huyu mtu miaka minne ya shule, ukaenda kusema mguu wake umetungwa?"

"Nyinyi ndio mlionituma!" Harrison akapaza sauti, naye analia. "Nani alitaka? Dada ndiye alisema, kaka akakubali. Nimesema kama baba mdogo alivyosema Ndera!"

Na ni kweli, nilituma mimi. Nilikuwa na ulimi siku zote, siku ile sikuuona.

Jumatatu, bila kutuaga, Jairus alivaa shati la kanisani akaenda Malindi peke yake. Mtu asiyeweza kumwomba chifu muhuri alibisha mlango wa shule ile, akasema kwa Kiswahili chake cha Chara, mimi ndiye baba, nimekuja kuhojiwa.

Alirudi jioni. Alikaa, tukamzunguka kama kuku wanaongoja punje. Ikabidi Rosina amvute neno moja moja.

"Alikupokea?"

"Alinipa kiti. Na chai."

"Alisema nini?"

"Ati insha ya Valentine ilikuwa ya kwanza. Kati ya wote."

"Na nafasi?"

"Amepewa mwingine. Ijumaa. Mamake alikwisha kununua na sare."

"Hukumweleza desturi yetu?"

"Nilimweleza. Akaelewa. Alisema, ningekuona wewe siku ile nisingeuliza swali la pili."

Valentine alikuwa amesimama mlangoni, tena si mtoto wa kudakia mazungumzo ya wakubwa. Siku hiyo alidakia.

"Baba, walipoita mzazi wangu ulianza kuinuka."

Jairus akamtazama.

"Mbona uliketi?"

Nilitaka kumjibia. Nilikuwa na maneno tele, ya desturi, ya Ndera, ya Kiingereza. Rosina alinibana mkono. Jairus akamgeukia. "Nilidhani utaona haya," akasema. "Wale wenzako wote pale."

"Mimi nilikuwa nimekwisha kukuandika," Valentine akasema. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Mwezi wa kwanza alianza gredi ya kumi shule ya kutwa, huko Garsen, analala kwa Harrison siku za wiki na kurudi nyumbani Ijumaa. Si shule mbaya, nisiitie doa. Walimu wanajitahidi, ila darasa moja lina wanafunzi kama mkutano wa hadhara, na kitabu kimoja wanakisoma watatu. Valentine ni wa kwanza kule pia. Harrison anamnunulia kila kitu, kalamu, taa, viatu, na mtoto anashukuru kila mara, kwa adabu, kama mgeni.

Ijumaa moja nilikuwa kwao aliporudi na fomu ya shule ya kutiwa sahihi na mzazi. Mwalimu wa darasa aliitaka Jumatatu, na mzazi aje nayo mwenyewe ajitambulishe. Valentine alisema hayo akiwa anavua viatu. Jairus alikuwa ametoka shambani. Alisikia. Aliinuka, akanawa mikono kwa sabuni, akaifuta vizuri, akavuta kiti mezani, akakaa.

Valentine alitoa fomu kwenye begi, akapita mezani, akampelekea mamake jikoni.

"Mama, tia sahihi hapa. Na Jumatatu twende wote."

"Si umpe babako, huyo hapo amekaa."

"Hapana, baba asisumbuliwe," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, ya mtoto anayempenda mtu. "Mambo ya ofisi hayapendi."

Rosina akatoka na fomu mkononi, akaniangalia, akamwangalia mumewe. Jairus alikuwa amekwisha weka mkono juu ya meza, mahali karatasi ingelala. Aliutazama huo mkono.

"Mwenyewe amesema," akamwambia mkewe. "Tia wewe."

Rosina akatia. Mwandiko wake ni mzito, ilichukua muda, na muda huo wote mkono wa Jairus ulikuwa pale pale mezani.