Matairi Mapya ya Nyuma

Mama alifariki hospitalini Kisumu, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, masika yakiwa yameanza kwa fujo. Nyumbani kwetu ni mbele kidogo ya Usenge, na kipande cha mwisho hadi bomani kilikuwa udongo mweusi, ule ambao ukilowa haukuachii hata kiatu. Msimu uliotangulia jirani yetu alikwama hapo hapo. Jeneza la baba yake likashushwa, likakokotwa na ng'ombe. Niliapa mama yangu hataingia kwake hivyo.

Pikapu yangu ilikuwa na matairi manne, yote kipara. Uwezo wangu ulikuwa wa mawili mapya, nikaagiza yafungwe mbele. Ndilo kosa letu huku, na nililifanya kifua mbele: gari likiingia matangani, watu hutazama uso wake kwanza.

Fundi wa matairi pale Kaloleni, mjini Kisumu, mzee ambaye sikuwahi kumwona akicheka, aliyafunga nilivyotaka. Kisha akachuchumaa nyuma, akapitisha kidole gumba juu ya tairi kuukuu taratibu, kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Akasema gari hili husukumwa na magurudumu ya nyuma. Nikamjibu kwa ukali kwamba gari langu nalijua, na kwamba nilikuwa nampeleka mama yangu kuzikwa.

Hakubishana. Aliniuliza tu, "Mama atakaa mbele ama nyuma?"

"Nyuma."

"Basi mpatie mama hayo mapya."

Nikampisha. Akaweka jeki, akayabadilisha, akapunguza upepo kidogo, akieleza kuwa tairi lililojaa sana huteleza matopeni. Akachomeka kijiti cha kiberiti kwenye mfereji wa tairi jipya, nione kinavyozama. Siku kisipozama, akasema, nitafute lingine kabla ya mvua.

Tulipoiacha lami, magari mawili ya jamaa zetu yalikuwa yameshakwama, wenyewe wamesimama na viatu mkononi. Shangazi, aliyeketi kando yangu, aliacha kuimba. Nilitia gia ya kwanza. Mbele gari liliyumba kushoto na kulia kama mlevi, lakini nyuma nilisikia kitu kikishika. Sijui nieleze vipi. Mpira tu, mpira wenye mistari, uliuma ardhi na kumsukuma mama yangu polepole kwenda kwake. Nilitamani hata kuzima injini nishuke nitazame, lakini sikuthubutu.

Tulifika hadi mlangoni pake. Uso wa gari ulikuwa umefunikwa na matope, na hakuna aliyeutazama.

Asubuhi baada ya mazishi mvua ilikuwa imekatika. Nikaona alama za matairi ya nyuma zikitoka langoni hadi mlangoni pa mama, kila jino limejichora wazi, maji yametulia ndani yake. Nikawaomba watu wapite kando. Nilikaa pale nikizitazama mpaka jua likazikausha, na hapo ndipo nikalia, kwa mara ya kwanza tangu afe.